Muuguzi akitoa simu kando ya kitanda, si lazima awe anacheza

Nyanya mmoja aliteremka kutoka vilima vya Taita asubuhi na mapema, akapanda matatu na mjukuu wake mapajani, hadi kituo kimoja cha afya nilikokuwa nimeitwa siku hiyo. Mtoto alikuwa na umri wa miezi tisa. Mwili wake ulikuwa moto na pumzi zilikuwa za haraka. Walingoja foleni kama wengine. Hatimaye muuguzi aliwafikia, akamwinua mtoto fulana, akamtazama kifua, kisha akatia mkono mfukoni, akatoa simu na kuikodolea macho.

Nyanya alivumilia kidogo, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nikipita. "Daktari," akaniambia kwa uchungu, "mtoto yuaumwa namna hii, na sista anachezea simu!"

Nilisogea nikatazama kioo cha simu ile. Palikuwa na tarakimu zilizokuwa zikihesabu sekunde. Muuguzi alikuwa akihesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima, na dakika ilipotimia alikuwa amehesabu pumzi 56. Kwa mtoto wa miezi tisa, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia, yaani homa ya mapafu. Muuguzi akampima mtoto uzani, akaifungua simu tena kutazama kipimo cha dawa kinacholingana na uzani huo, akaandika. Wakati huo nyanya alikuwa bado amenuna.

Nilimweleza nyanya kilichokuwa kikifanyika, naye akacheka kwa haya kidogo. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikiwaza. Ni wagonjwa na jamaa wangapi huamini kwamba muuguzi aliyetoa simu amewapuuza? Na ni wauguzi wangapi ambao, kwa kuogopa macho ya watu, huiacha simu mfukoni na kukisia? Swali hilo la pili, msomaji, nina sababu yangu ya kuliogopa, nami nitaieleza hapa chini bila kujificha.

Kwa nini muuguzi, wala si daktari?

Watu wa mjini wamezoea kufikiri kwamba uamuzi wote wa matibabu hufanywa na daktari, na kwamba kazi ya muuguzi ni kudunga sindano na kutandika vitanda. Hali sivyo ilivyo, hasa katika kaunti kama yetu ya Taita Taveta. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata wakazi 340,671 katika eneo la kilomita mraba zipatazo 17,000, na zaidi ya nusu ya eneo hilo ni mbuga ya Tsavo. Tuna hospitali ya Moi mjini Voi, ile ya Wesu huko juu Wundanyi, na zile za Mwatate na Taveta. Kutoka Voi hadi Taveta ni zaidi ya kilomita 100. Kati ya hospitali hizo ziko zahanati nyingi, na katika zahanati mwenye kumpokea mgonjwa, kumpima, kumtibu na kuamua kama apelekwe mbele kwa kawaida ni muuguzi.

Hata katika hospitali kubwa, saa nane za usiku daktari aweza kuwa katika chumba cha upasuaji akihangaika na majeruhi wa ajali ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Aliye kando ya kitanda cha mtoto wako ni muuguzi. Yeye ndiye huona kwamba pumzi zimebadilika, kwamba dripu imesimama, kwamba mama aliyejifungua anavuja damu kupita kiasi. Uamuzi wa dakika kumi za kwanza ni wake, na mara nyingi ndizo dakika zinazookoa au kupoteza maisha.

Wagonjwa wenyewe pia ni wa kila aina. Siku moja muuguzi huyo huyo atampokea mtoto wa Taveta mwenye malaria, mchimba madini aliyeumwa na nyoka, mjamzito mwenye shinikizo la damu, na mzee wa kisukari kutoka Sagalla. Hakuna binadamu awezaye kuweka kichwani vipimo vya dawa vya wagonjwa hao wote kwa kila umri na kila uzani. Daktari hawezi, na muuguzi hawezi. Anayedai kwamba anaweza ndiye wa kuogopwa.

Chombo cha kwanza kilikuwa kijitabu

Kubeba msaada mfukoni si jambo jipya. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walitoa mpango wa kuwatibu watoto wagonjwa walio chini ya miaka mitano. Mpango huo uliandikwa kwa hatua, moja baada ya nyingine: kwanza tafuta dalili za hatari, kisha uliza kuhusu kikohozi, kisha kuhara, kisha homa, na kadhalika. Chati zake zilibandikwa ukutani na kuchapishwa katika vijitabu. Hapa Kenya, Wizara ya Afya ilitoa pia kijitabu kidogo cha matibabu ya watoto hospitalini, ambacho madaktari na wauguzi wengi wamekibeba katika mfuko wa koti jeupe hadi kikachakaa. Kulikuwa na hata saa ndogo maalumu ya kuhesabu pumzi za mtoto, iliyolia kila dakika ilipotimia.

Vijitabu hivyo vimeokoa maisha mengi, lakini vina kasoro zake. Karatasi hulowa na kuchanika. Toleo jipya huchukua muda kufika mashinani, na kwa hiyo muuguzi wa kituo cha mbali aweza kuwa akifuata mwongozo uliokwisha kubadilishwa. Mara nyingine kitabu hufungiwa kabatini kwa ufunguo ili kisipotee, na mwenye ufunguo amekwenda mkutanoni. Isitoshe, jedwali lina mistari mingi na jicho lililochoka huruka mstari.

Hapo ndipo simu ilipoingia.

Simu hufanya kazi gani hasa?

Kwa ufupi, kifaa cha mkononi, kiwe simu au kishikwambi, humsaidia muuguzi kwa njia nne.

Ya kwanza ni kumkumbusha. Programu nzuri humwuliza muuguzi maswali kwa utaratibu: Je, mtoto anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepatwa na degedege? Amelegea au amepoteza fahamu? Haimruhusu kuruka swali kwa sababu foleni ni ndefu.

Ya pili ni kumkokotolea. Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka miwili mwenye kilo 10, ambaye amehara hadi maji yamemwishia mwilini kabisa na hawezi kunywa. Mwongozo unasema apewe kwa mshipa maji ya aina ya Ringa, mililita 100 kwa kila kilo, yaani mililita 1,000. Mililita 300 za kwanza huingia kwa nusu saa, na 700 zilizobaki kwa saa mbili na nusu. Sasa muuguzi anatakiwa kujua ni matone mangapi kwa dakika. Ikiwa mpira wa dripu hutoa matone 20 kwa kila mililita, basi 700 mara 20 ni matone 14,000, ukigawanya kwa dakika 150 unapata matone 93 kwa dakika. Wewe unayesoma gazeti hili ukiwa umetulia na kikombe cha chai, huenda umeirudia hesabu hiyo mara mbili. Yeye anaifanya usiku wa manane, mtoto mwingine akilia na mama mwingine akimvuta mkono. Simu huifanya kwa sekunde moja. Nawasihi wazazi wasiufanye mfano huu kuwa maagizo ya nyumbani: mtoto mwenye utapiamlo mkali, kwa mfano, hapewi maji kwa kasi hiyo kamwe.

Ya tatu ni kupima. Kuna kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni ambacho hupima oksijeni katika damu kwa kutumia mwanga. Wazo lake lilitokana na Mjapani Takuo Aoyagi mnamo miaka ya 1970. Zamani kilipatikana katika vyumba vya upasuaji pekee, lakini leo kinaenea katika kiganja cha mkono. Mtoto ambaye kipimo chake kimeshuka chini ya asilimia 90 anahitaji oksijeni, hata kama kwa macho anaonekana ana nafuu. Vipo pia vifaa vya mkononi vya kutazama mtoto tumboni mwa mama kwa mawimbi ya sauti. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Kenyatta kilishiriki katika mpango wa kuwafunza wahudumu wa afya, wakunga wakiwemo, kuvitumia.

Ya nne ni kumwunganisha na mwenzake. Muuguzi wa zahanati ya mbali aweza kumpigia daktari aliye Voi, akamweleza vipimo, na wakaamua pamoja kama gari liitwe usiku huo huo au mgonjwa angoje asubuhi. Anayejua barabara zetu, ambamo ndovu huvuka bila kuomba ruhusa, ataelewa uzito wa uamuzi huo.

Je, kuna ushahidi?

Msomaji mwerevu atauliza kama haya ni maneno matupu ya wauza simu. Ni haki yake kuuliza, nami nitamjibu kwa mifano ya karibu.

Katika mkoa wa Mtwara, kusini mwa Tanzania, ule mpango wa kutibu watoto ulitiwa ndani ya kompyuta ndogo ya mkononi na kujaribiwa na wahudumu wa zahanati. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kwa njia ya kawaida wahudumu walifanya asilimia 61 ya uchunguzi unaotakiwa na mwongozo. Walipotumia kifaa, walifanya asilimia 84.7, na muda uliotumika kwa kila mtoto ulikuwa karibu ule ule.

Hapa kwetu Kenya, watafiti walitumia simu ya kawaida kabisa isiyo na intaneti. Katika vituo 107 vya mashambani, Kwale hapa Pwani na huko Kisii, wahudumu katika nusu ya vituo walipelekewa ujumbe mfupi mara mbili kwa siku kwa muda wa miezi sita, wakikumbushwa namna ya kutoa dawa mseto ya malaria ambayo wengi wetu tunaijua kwa herufi AL. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Idadi ya watoto waliotibiwa sawasawa iliongezeka kwa takriban asilimia 24 zaidi ya vituo ambavyo havikupata ujumbe, na faida hiyo ilikuwa bado ipo miezi sita baada ya ujumbe kusimamishwa. Ujumbe wa maneno machache uligusa tabia ambayo semina nyingi za hotelini zimeshindwa kuigusa.

Mwaka 2024 yalitolewa matokeo ya Mbeya na Morogoro, ambako vituo 40 vilihusika. Nusu yao vilipewa kishikwambi chenye programu ya kuongoza matibabu ya watoto pamoja na vipimo vichache, kikiwemo kile cha oksijeni. Katika vituo vilivyoendelea kama kawaida, watoto 70 katika kila 100 walipewa dawa za antibayotiki. Katika vituo vyenye kifaa, ni 23 tu katika kila 100 waliopewa, na watoto hao walipona sawa na wenzao. Hili si jambo dogo. Antibayotiki zikitolewa ovyo, vijidudu huzizoea, na siku mtoto atakapozihitaji kwa dhati hazitamfaa.

Mwaka 2025 yakaja ya akili unde. Katika kliniki 15 za Penda Health jijini Nairobi, kompyuta iliyosoma maandishi ya mhudumu na kumwonya alipoelekea kukosea ilijaribiwa katika ziara 39,849 za wagonjwa. Makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16 na makosa ya matibabu kwa asilimia 13. Hata hivyo, wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, hakukuonekana tofauti ya kutegemewa kati ya makundi mawili. Tushangilie, lakini kwa kiasi.

Ilani niliyoibandika mwenyewe

Sasa nitimize ahadi yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika hospitali ambayo sitaitaja. Jamaa za wagonjwa walilalamika kwamba wauguzi wanashinda katika simu, na ni kweli kwamba wachache walikuwa wakifanya hivyo. Badala ya kuwaita wachache hao, mimi nilichukua karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa kwamba ni marufuku kutumia simu wodini, nikaibandika karibu na mlango wa wodi ya watoto. Niliona nimefanya jambo la maana. Jamaa walinipongeza.

Usiku mmoja aliletwa mtoto wa miaka miwili, kilo 10, aliyekuwa amehara kutwa nzima. Muuguzi wa zamu alikuwa peke yake, na watoto wodini walikuwa wengi. Alitia mshipa vizuri, akampa mililita 300 za kwanza kwa wakati. Zilipofika zile 700, alifungua jedwali la karatasi lililokuwa mezani, na katika mwanga hafifu akasoma mstari wa juu, ambao ni wa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja. Mtoto wa umri huo hupewa mililita 70 kwa kila kilo kwa saa tano, si kwa saa mbili na nusu. Akagawanya, akapata matone 47. Alipaswa kupata 93.

Nilipopita alfajiri, macho ya mtoto yalikuwa bado yamezama na mikono ilikuwa baridi. Nilihesabu matone, nikaona yanakwenda nusu ya kasi. Tulirekebisha, na kwa rehema za Mungu kufikia saa sita mchana mtoto alikuwa akinywa mwenyewe na kumlilia mama yake. Wengine hawapati bahati hiyo.

Nilimwita yule muuguzi pembeni. Nilikuwa nimekasirika. Nilimwambia, "Sista, si una ile programu ya kukokotoa dripu katika simu yako? Mbona hukuitumia?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwa upole, "Daktari, si wewe uliyebandika ilani?"

Sikuwa na jibu. Niliibandua karatasi ile kwa mkono wangu siku hiyo hiyo. Tangu hapo, kila nimwonapo muuguzi akitoa simu, huanza kwa kuuliza anatafuta nini.

Pale chombo kinapodanganya

Haya yote hayamaanishi kwamba simu ni mganga. Chombo hujibu kulingana na kile ulichokilisha. Ukikisia uzani wa mtoto kwa macho, jibu litakuwa la makisio. Programu nyingine zimetengenezwa Marekani na husoma uzani kwa pauni. Mtoto wa kilo 10 ana pauni 22. Muuguzi akiiandika namba 22 mahali panapotaka kilo, mtoto atapewa dozi ya zaidi ya mara mbili.

Kile kifaa cha kidoleni nacho kina mipaka yake. Kidole kikiwa baridi, mtoto akitikisika, au kucha ikiwa imepakwa rangi au hina nyeusi, kipimo chaweza kupotoka. Na liko jambo moja ambalo sisi Waafrika tunapaswa kulijua. Uchunguzi uliochapishwa nchini Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho kilishindwa kutambua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu, kwa sababu mwanga hupita kwa namna tofauti katika ngozi yenye rangi nyingi. Kwa hiyo kifaa kikisema asilimia 93 na mtoto anakoroma, pua zinapanuka na kifua kinabonyea ndani, mwamini mtoto kabla ya kifaa.

Kuna pia mambo ya kila siku. Umeme hupotea na chaji huisha. Mawimbi ya simu hukatika nyuma ya kilima. Programu isiyoweza kufanya kazi bila intaneti haifai kutegemewa Kasighau. Vifurushi vya data mara nyingi hulipwa na muuguzi kutoka mfuko wake mwenyewe, jambo ambalo si la haki. Simu yenyewe hubeba vijidudu kutoka kitanda hadi kitanda, kwa hiyo ipanguswe kwa dawa na mikono inawe, kabla na baada.

Mwisho ni siri ya mgonjwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi wa pekee. Picha ya kidonda chako haipasi kuzunguka katika kundi la WhatsApp ikiwa na jina lako. Muuguzi akihitaji kuipeleka kwa daktari, akuombe ruhusa kwanza, na uso na jina vifichwe.

Wewe mgonjwa au jamaa ufanye nini?

1. Ukimwona muuguzi ametoa simu, usimfokee. Muulize kwa heshima: "Sista, unatazama nini?" Anayefanya kazi atakueleza kwa furaha. Anayecheza ataiweka mfukoni mwenyewe.

2. Hakikisha mtoto amepimwa uzani siku hiyo hiyo, kwa mizani. Usiseme uzani wa kliniki ya miezi mitatu iliyopita. Karibu kila dozi ya mtoto hutoka hapo.

3. Sema umri wa mtoto kwa miezi, si kwa "mwaka na kitu". Umeona mwenyewe jinsi mstari mmoja wa umri unavyoweza kupunguza maji kwa nusu.

4. Pumzi zinapohesabiwa, mtulize mtoto na umwache asinyonye kwa dakika hiyo. Mtoto anayelia hupumua haraka na hesabu huharibika.

5. Taja dawa zote alizopewa nyumbani, hata zile za dukani na za mitishamba. Simu haiwezi kukumbusha kile ambacho haikuambiwa.

6. Ukiona hali inazidi kuwa mbaya, mtoto hanyonyi, anatapika kila kitu, ana degedege au amelegea, piga kelele, hata kama kifaa kimesema yuko salama.

7. Usijitibu kwa programu hizo. Zimeandikwa kwa ajili ya mtu aliyesomea kugusa, kusikiliza na kutazama.

Hapa nikumbushe pia kwamba Septemba 2023 serikali ilizindua kazi ya wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, ambao walipewa mikoba yenye vifaa kama vile vya kupima shinikizo la damu na sukari, pamoja na simu za kuandikia habari za nyumba wanazozitembelea. Akija mlangoni kwako huko Mwatate au Bura na kuanza kubonyeza simu, mkaribishe. Naye pia hachezi.

Neno kwa wauguzi na wakuu wao

Kwa wauguzi nasema hivi: mwambieni mgonjwa kabla ya kuitoa simu. Sentensi moja yatosha: "Mama, natazama kipimo cha dawa ya mtoto ili nisikosee." Maneno hayo humpa mama imani na hukulinda wewe na lawama. Ukisha kupata jibu, jiulize kama linaingia akilini. Hesabu ikikuambia umpe mtoto chupa tatu za dawa, rudi nyuma. Dozi za hatari zikaguliwe na mtu wa pili kila anapopatikana. Na simu ya mazungumzo ya nyumbani ingoje saa ya mapumziko, maana ni hiyo inayowaharibia jina wenzako.

Kwa wakuu wa hospitali na kaunti: msibandike ilani kama yangu. Chagueni programu inayofuata mwongozo wa Wizara ya Afya, inayosoma kilo na isiyohitaji intaneti kila saa. Nunueni vishikwambi vya wodi ili muuguzi asilazimike kutumia simu yake na data yake. Wekeni mahali pa kuchajia. Na kijitabu cha karatasi kibaki mezani, kwa maana umeme wetu tunaujua.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Muuguzi anayeuliza, iwe anamwuliza mwenzake, kitabu au simu, hajapungukiwa na elimu. Nilipokuwa kijana nilidhani daktari hodari ni yule asiyefungua kitabu mbele ya mgonjwa. Sasa nywele zinaanza kubadilika rangi, nami hufungua mbele yao bila haya, nikawaonyesha na ukurasa wenyewe.

Yule nyanya wa vilimani alirudi na mjukuu wake baada ya siku mbili, kama alivyoagizwa. Pumzi zilikuwa zimeshuka hadi 38 na mtoto alikuwa akichekacheka. Muuguzi alipotia mkono mfukoni, nyanya alimpakata mtoto vizuri, akamfunua kifua, akawaambia waliokuwa kwenye foleni nyuma yake: "Nyamazeni kidogo. Sista yuahesabu."